Winta isikufungie ndani: uzi maalumu wa mazoezi ya nje kipindi cha baridi na giza

Mtembea Gizani (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Ikishafika mwisho wa Oktoba, Ulaya wakarudisha saa nyuma, malalamiko ni yaleyale. Huyu kaacha kukimbia mpaka Machi, yule anauliza mashine ipi ya kukimbilia ndani ni nzuri, mwingine analala saa kumi nzima na bado anaamka kachoka. Nimeona nimwage yote kwa mkupuo mmoja, halafu wenye uzoefu waongezee na wabishi wabishe. Mimi si daktari wala kocha. Natembea na kukimbia nje mwaka mzima kwenye nchi ya theluji, basi.

Msimamo wangu nauweka juu kabisa ili anayetaka kupinga ajue pa kuanzia: baridi inasingiziwa. Wengi wanaoacha mazoezi ya nje wanaachishwa na giza na jasho. Ukivimudu hivyo viwili, baridi yenyewe utaizoea ndani ya wiki chache.

Giza kwanza. Mtu anapanga mazoezi baada ya kazi. Kiangazi hakuna shida, mwanga upo mpaka usiku. Sasa angalia Desemba. London jua linachomoza saa mbili asubuhi na kabla ya saa kumi alasiri limeshazama. Helsinki mchana mzima haufiki saa sita. Anayeingia kazini saa tatu na kutoka saa kumi na moja jioni karibu halioni jua kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa. Akifika nyumbani anavua viatu, anakaa kwenye kochi "dakika tano tu". Hapo hata ungempa hela hatoki.

Kwa hiyo hamisha ratiba. Toka mchana, hata kama ni dakika 20 za kutembea haraka wakati wa mapumziko. Sitanii ninaposema dakika 20 za saa saba mchana zina faida kuliko saa nzima uliyoipanga jioni ukaishia kuiahirisha. Sababu si mazoezi peke yake. Taa za ofisi ya kawaida zinatoa mwanga wa lux (kipimo cha mwanga) 300 mpaka 500. Nje, hata mawingu yakiwa mazito, mchana wa winta kwenye nchi nyingi unakupa maelfu ya lux. Jicho letu halituonyeshi hiyo tofauti kwa sababu linajirekebisha haraka, ila saa ya ndani ya mwili inaiona, na hiyo ndiyo inayopanga usingizi, njaa na uchangamfu. Ukishinda gizani mwili unabaki haujui kama kumekucha au la.

Kuna jambo dogo wengi hawalijui, nami napenda kulisema kwa sababu linatia moyo. Siku fupi kuliko zote ni tarehe 21 au 22 Desemba, lakini jua la jioni linaanza kuchelewa kuzama kabla ya hapo. London, kwa mfano, jioni ya mapema kuliko zote huwa karibu na tarehe 12 Desemba. Kuanzia hapo jioni zinarefuka kidogokidogo wakati asubuhi zinaendelea kuwa nyeusi mpaka mwaka mpya. Kwa hiyo wewe wa kukimbia alfajiri vumilia, nafuu yako inachelewa. Wa jioni anaiona kabla yako.

Sasa jasho. Hapa ndipo watu wanapoumia. Mtu anatazama nje, anaona theluji, anavaa kila kilichomo kabatini. Dakika kumi mbele anachuruzika, anapunguza mwendo, na jasho lile linamgeuka. Maji yanapitisha joto kwa kasi ya kama mara 25 ya hewa, kwa hiyo fulana iliyolowa mgongoni inakunyonya joto huku wewe unadhani umevaa. Fulana ya pamba ndiyo mbaya kupita zote, inakunywa jasho na haikauki. Ndani kabisa vaa sufu nyembamba au poliesta. Juu yake kitu cha kushika hewa, kisha jaketi jepesi la kuzuia upepo. Lile jaketi nene la manyoya ya bata ni la kusubiria basi, usikimbie nalo.

Kipimo ni hiki: ukisimama nje ya mlango ukajisikia vizuri, umezidisha. Unatakiwa uone kibaridi dakika kumi za mwanzo. Wakimbiaji wengi huvaa kana kwamba kuna nyuzi joto kama kumi zaidi ya zilizopo.

Halafu zipu. Watazame wazoefu, wanachezea zipu njia nzima. Mlima ukianza, zipu inashuka mpaka kifuani, kofia inaingia mfukoni, glovu zinafuata. Mlima ukiisha, vyote vinarudi kabla mgongo haujapoa. Anayesubiri alowe ndipo afungue amechelewa.

Na upepo: anza safari yako ukiuelekea, rudi ukiwa nao mgongoni. Ukifanya kinyume utatoka vizuri, ulowe jasho, halafu ugeuke na kupigwa nao usoni ukiwa umeshachoka. Kipimajoto peke yake hakitoshi. Nyuzi 10 chini ya sifuri pamoja na upepo wa kilomita 30 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoa kama vile ni nyuzi 20 chini ya sifuri bila upepo. Mambo haya yalianza kupimwa na Wamarekani wawili, Paul Siple na Charles Passel, huko Antaktika miaka ya 1940. Walining'iniza chombo cha maji nje na kupima muda unaopita mpaka yagande. Hesabu inayotumika leo Marekani na Kanada ilirekebishwa mwaka 2001.

Naishia hapa kwa sasa. Karibuni.

---

Soksi Mbili

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mkuu mimi tatizo langu ni vidole vya miguu. Navaa soksi nene mbili mbili na bado vinakufa ganzi robo saa tu. Mwili mzima uko sawa, miguu ndiyo inanirudisha nyumbani.

---

Mtembea Gizani

Dada yangu, jibu liko kwenye jina lako. Soksi mbili ndani ya kiatu kilekile cha kiangazi zinabana mguu, damu haifiki vidoleni, na ile hewa ya kuhifadhi joto inakosa nafasi. Vaa soksi moja ya sufu, na kiatu cha winta ununue kikubwa kidogo. Ukiwa umevaa soksi hiyo, vidole viweze kucheza. Usipoweza kuvichezesha, kiatu hicho si cha baridi.

Kitu cha pili: tumbo na kifua vikipoa, mwili unapunguza damu ya mikono na miguu ili ulinde vya ndani. Kwa hiyo wakati mwingine dawa ya vidole vya miguu ni kofia na kizibao. Na mikononi, zile glovu za vidole vyote kukaa chumba kimoja, dole gumba peke yake, zina joto kuliko zenye vidole vitano.

---

Mbishi Halali

Uzi mzuri ila una ubaguzi ndani yake. "Toka mchana", "mapumziko ya ofisini". Sisi wa maghalani mapumziko ni nusu saa, humo humo ule, uende chooni, upige simu nyumbani. Nikitoka ni giza totoro. Ushauri wako unamfaa mwenye kiti cha kuzunguka.

---

Mtembea Gizani

Hoja imepokelewa mkuu, na umesema kweli. Kwa ratiba kama yako ningegawa mambo mawili. Mwanga upate kidogokidogo, hata dakika tano za kulia chakula nje ukiwa umesimama, au kushuka kituo kimoja kabla kama asubuhi yako ina mwanga. Mazoezi yenyewe yafanye gizani, ila yaanzie kazini. Badilisha nguo palepale, utembee au ukimbie kipande cha njia ya kurudi. Ukishafika nyumbani imekula kwako. Halafu wikiendi usilale mpaka saa sita, mchana wa Jumamosi na Jumapili ndio akiba yako.

Pia usijibane na hesabu kubwa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kati, na likaondoa lile sharti la zamani la kwamba lazima zije kwa vipande vya dakika kumi kumi. Vipande vidogo vinahesabika.

---

Zamu ya Usiku

Niongezee kwa wenzangu wa zamu za usiku, kwa sababu ushauri wa mwanga wa asubuhi ukiufuata kibubusa unakuharibia. Ukitoka kazini saa moja asubuhi ukaenda kukimbia kwenye mwanga, mwili unaamini siku imeanza. Ukifika kitandani macho yako wazi. Mimi nikitoka naenda moja kwa moja kulala, mapazia mazito. Nikiamka mchana natoka palepale kabla ya chai, kwa sababu winta nikizubaa saa moja tu jua limekwenda. Ndiyo siri yangu, kuamka na kutoka bila kupitia sebuleni.

---

Kaskazini Kabisa

Mnaongea mchana, mchana. Mchana upi? Huku niliko, jirani na Tromsø kule Norwe, jua halichomozi kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka katikati ya Januari. Na kama kuna mlima mbele yako unasubiri wiki nyingine.

Ila nisiwatishe. Si giza nene saa zote. Kuna kama saa chache za mwanga wa bluu katikati ya mchana, jua likiwa chini kidogo tu ya upeo, na theluji mpya inarudisha sehemu kubwa sana ya mwanga unaoiangukia, asilimia 80 na zaidi. Usiku wenye mwezi na theluji unaweza kutembea bila tochi. Balaa ni Novemba, kabla theluji haijashika, ardhi nyeusi na mbingu nyeusi. Mwezi huo ndio unaoangusha watu, si Januari.

Wenyeji wametengeneza njia za skii (kuteleza juu ya theluji) zenye taa kila baada ya mita kadhaa. Jioni utakuta wazee, watoto, mbwa, wote wako njiani. Taa ile ndiyo inayowatoa. Kama mtaa wenu una uwanja au bustani yenye taa, zunguka hapohapo, usitafute mandhari.

Kuna mtafiti wa saikolojia wa Kimarekani, Kari Leibowitz, alikuja Tromsø kuchunguza kwa nini watu hawavunjiki moyo kama alivyotarajia. Yeye na mwenzake Joar Vittersø walichapisha matokeo mwaka 2020: wanaoiona winta kama kipindi chenye mazuri yake walikuwa pia na hali bora ya maisha, na kadiri watu walivyoishi kaskazini zaidi ndivyo mtazamo huo ulivyokuwa na nguvu.

---

Mbishi Halali

Hapo kwenye mtazamo nina neno. Mwenye raha anaiona winta nzuri kwa sababu tayari ana raha. Na aliyeishindwa kaskazini alishahama, hakuwepo kujibu maswali. Msije mkamwambia mtu mgonjwa abadilishe mtazamo.

---

Kaskazini Kabisa

Kweli mkuu, utafiti huo unaonyesha vitu viwili vinakwenda pamoja, hausemi kipi kimemzaa mwenzake. Lakini mimi nimechukua kile kinachonifaa: sisubiri Machi ndipo nianze kuishi.

---

Bibi Upepo

Wanangu mmeongea vizuri ila hamjagusa magari. Nina miaka mingi kwenye barabara za giza, nawaambia dereva hakuoni. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, taa ndogo za gari zinamfikia akiwa mita chache tu mbele, ishirini na kitu mpaka thelathini. Aliyevaa kiakisi mwanga anaonekana zaidi ya mita mia. Gari la kilomita 60 kwa saa linakula karibu mita 17 kila sekunde, tena barabara ya barafu breki hazishiki. Piga hesabu mwenyewe.

Finland na Estonia sheria kabisa inamtaka mtembea kwa miguu avae kiakisi gizani. Kile cha kuning'inia pembeni ya mfuko wa koti kinatosha kuanzia, kisizidi urefu wa goti ili taa ikipate. Wakimbiaji vaeni vya kwenye vifundo vya miguu, maana kitu kinachokwenda juu na chini dereva anajua mara moja ni mtu. Na masikioni msizibe yote mawili kwa muziki, mjukuu wangu mmoja namwambia kila siku hasikii.

---

KiatuMeno

Shikamoo Bibi. Nami nilete la utelezi, kwa sababu huku kwetu baridi haijavunja mkono wa mtu lakini barafu imevunja.

Theluji kavu iliyopondwa haina neno. Hatari ni siku joto linapocheza kwenye sifuri. Mchana inayeyuka, usiku inaganda, asubuhi njia ni kioo, halafu juu kuna theluji nyembamba imekificha. Siku hizo nunueni vile vizuia utelezi vya mpira vyenye meno ya chuma, vinavalishwa juu ya kiatu cha kawaida. Kumbukeni kuvivua kabla ya kuingia dukani au stesheni. Kwenye vigae laini meno yale yanateleza kuliko soli tupu, na watu huanguka mlangoni wakidhani wameshafika salama.

Kama huna, tembea kipengwini: hatua fupi, mguu mzima chini, uzito mbele juu ya mguu unaokanyaga, mikono nje ya mifuko. Kukimbia siku hiyo acha. Tembea mlima, utapata jasho lilelile.

Ziwa lililoganda nalo lina wenyewe. Kanada wanashauri barafu ya sentimita 15 kwa mtu mmoja kutembea au kuteleza, na 20 mkiwa kundi. Barafu nyeupe yenye theluji ndani ina nguvu pungufu kuliko ile angavu ya bluu. Karibu na mto unapoingia au chini ya daraja usikanyage kabisa, maji yanayotembea yanaila kwa chini. Msiamini nyayo za mtu aliyepita jana.

---

Bibi Upepo

Marahaba. Huyo kijana wa pengwini amenena.

---

Mzee wa Zipu

Samahanini wakuu, kuna suala nyeti halijaguswa. Upepo wa mbele, suruali nyepesi ya kukimbilia, na mwanaume. Sitaki kusema mengi kuna wakubwa humu. Wenye akili wanaelewa kwa nini kuna chupi zenye kitambaa cha kuzuia upepo upande wa mbele. Zipo, zinauzwa, si mzaha. Maumivu ya kupata joto tena nisingemtakia hata adui.

---

Soksi Mbili

Nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂

---

Mpumuaji

Naomba kuuliza kwa upole. Nina pumu. Kiangazi nakimbia vizuri, winta nikianza tu kifua kinabana na kikohozi hakiishi jioni nzima. Je niache kabisa?

---

Nesi Mstaafu

Pole mwanangu. Huhitaji kuacha, ila usiende kichwa kichwa. Hewa ya baridi ni kavu. Unapopumua haraka kwa mdomo, njia za hewa zinapoteza maji na joto, zinakasirika na kubana. Hata wanariadha wakubwa wa skii wanapata tatizo hili, tena wengi.

Funika mdomo na pua kwa skafu nyepesi au kitambaa cha shingoni, ile hewa unayotoa inapasha na kulainisha unayoingiza. Anza taratibu kwa robo saa ya kupasha misuli, unaweza kuianzia ndani. Ongea na daktari wako kuhusu kutumia pampu kabla ya mazoezi, wengi huelekezwa wavute kama dakika 15 kabla. Siku ya baridi kali sana tembea tu au fanya ndani. Na kama unahitaji pampu mara kwa mara kuliko zamani, hiyo ni habari ya kumpelekea daktari, usiibebe peke yako.

Nikiwa hapa niseme na mengine, maana nimeyaona kwa macho wodini.

La kwanza ni koleo la theluji. Mtu wa makamo, hafanyi mazoezi mwaka mzima, theluji inaanguka usiku, asubuhi anatoka na tumbo limejaa chai anaparaza njia nusu saa bila kupumzika. Baridi inabana mishipa na kupandisha shinikizo la damu, mikono inafanya kazi nzito, pumzi kaishika. Moyo unadaiwa pande zote. Mwenye presha au ugonjwa wa moyo amwachie kijana. Wengine sukumeni theluji, msiinyanyue, na koleo lisijae.

La pili ni ngozi kuganda. Huanzia puani, masikioni, mashavuni na vidoleni. Ngozi inakuwa na baka jeupe au la kijivu, kwa ngozi zetu nyeusi inaonekana kupauka kama majivu na inakuwa ngumu kidogo ukiigusa. Halafu maumivu yanaacha. Watu wanafurahi maumivu yameacha, kumbe ndipo pabaya. Kanada wanaonya kwamba baridi ikichanganywa na upepo ikafika kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 mpaka 30. Mkiwa wawili angalianeni nyuso. Likitokea, usisugue, na hiyo habari ya kusugua kwa theluji ifutwe vichwani kabisa, inachana ngozi. Ingia ndani, tumia maji ya uvuguvugu ya nyuzi 37 mpaka 39, si moto wa jiko, kwa sababu sehemu iliyokufa ganzi haijui inaungua. Kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, usiyeyushe mpaka ufike. Ngozi ikibaki ngumu au ikitoa malengelenge, hospitali.

La tatu, joto la mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Dalili ni mtu kutetemeka sana, kujikwaa, kuangusha vitu, maneno kukokotana, hasira zisizo na sababu. Akiacha kutetemeka na bado yuko kwenye baridi, hali imekuwa mbaya zaidi. Mtoe kwenye upepo, mvue vilivyolowa, mfunike kifua na kichwa, kama amezinduka vizuri mpe kinywaji cha moto chenye sukari, piga simu ya dharura. Pombe hapana. Pombe inapeleka damu kwenye ngozi, unajisikia joto huku unalipoteza.

---

Mpumuaji

Ubarikiwe sana mama. Nimenakili yote.

---

Mgeni wa Baridi

Mimi ndiyo winta yangu ya kwanza. Nilikulia mahali jua linachomoza na kuzama saa zilezile mwaka mzima, sikujua kama kuna kitu kama hiki. Tangu Novemba sina hamu ya kitu, nalala sana, nataka kula wanga tu, sitaki watu. Nikisoma huu uzi natamani kutoka, lakini kuufikia mlango ndiyo kazi. Ni uvivu?

---

Nesi Mstaafu

Karibu mwanangu, na umefanya vizuri kusema. Usijiite mvivu. Kuna sonona inayokuja na majira. Daktari Norman Rosenthal na wenzake huko Marekani waliieleza mwaka 1984, na uliyoyataja, kulala kupita kiasi, kutamani wanga na kujitenga, yamo kabisa kwenye dalili zake. Sisemi unayo, hilo ni la daktari. Nasema nenda ukamweleze hivyohivyo ulivyoandika hapa. Kuna matibabu: maongezi, dawa, na taa maalumu ya lux 10,000 ambayo mtu hukaa mbele yake kama nusu saa asubuhi. Taa hizo uliza kwanza kama una tatizo la macho au umewahi kuwa na vipindi vya msisimko uliopitiliza. Ukijiwa na mawazo ya kujidhuru usisubiri miadi, piga namba ya dharura siku hiyohiyo.

Na vitamini D. Kwenye nchi za kaskazini jua la winta liko chini mno, ile miale inayotengeneza vitamini hiyo kwenye ngozi karibu haifiki. Uingereza wanashauri watu wazima wafikirie kutumia mikrogramu 10 kwa siku vuli na winta, na wenye ngozi nyeusi mwaka mzima. Kutembea nje kuna faida nyingine zote, ila hiyo usiitegemee kutoka angani mwezi Desemba.

---

Mtembea Gizani

Mgeni, mimi niongeze dogo la mlangoni. Usipange kufanya mazoezi. Panga kwenda kutupa taka ukiwa umevaa viatu vya kutembelea. Ukishafika nje, zunguka jengo mara moja. Ukitaka kurudi, rudi, hakuna anayekudai. Na nguo zako zitoe usiku, ziweke juu ya kiti zote kwa mpangilio wa kuvaa, soksi mpaka kofia, tochi ya kichwa ikiwa imechajiwa. Asubuhi ya giza kichwa hakitaki maswali, ukianza kutafuta glovu ya pili umekwisha.

Kama kuna mtu yeyote jirani unayeweza kukubaliana naye saa na mahali, fanya hivyo. Ni vigumu kumwacha binadamu mwenzako amesimama kwenye baridi.

---

Mgeni wa Baridi

Asanteni sana. Nimeomba miadi na daktari Alhamisi. Na leo nimezunguka jengo.

---

KiatuMeno

Safi sana mkuu 👏 Kesho zunguka mawili au usizunguke, tutakuwepo hapahapa.

---

Kusini Pia Kupo

Wakuu msisahau wenzenu wa upande wa pili wa dunia. Winta yetu ni Juni mpaka Agosti. Ushuaia, mwisho kabisa wa Ajentina, mwezi Juni mchana una kama saa saba tu. Nyie mkiwa ufukweni sisi tuko kwenye glovu. Swali langu: simu inazima nikiwa na asilimia 40 za chaji. Ni simu mbovu au baridi?

---

Mtembea Gizani

Baridi mkuu. Betri za lithiamu zikipoa, nguvu ya kutoa umeme inashuka na simu inadhani chaji imeisha. Ikipata joto inarudi. Iweke mfuko wa ndani karibu na mwili, usiiweke mfuko wa nje wa jaketi. Tochi ya kichwa hivyohivyo, na usiichaji ikiwa bado imeganda, iache ipate joto la chumba kwanza. Ukienda mbali peke yako, mwachie mtu ujumbe wa njia unayopita na saa ya kurudi, usitegemee simu kukuokoa.

Na maji kunyweni. Kwenye baridi kiu inapungua wakati unapoteza maji kwa pumzi na kwa kukojoa mara kwa mara. Chupa igeuze kichwa chini, maji huanza kuganda upande wa juu, kwa hiyo mdomo wa chupa utabaki wazi.

---

Soksi Mbili

Taarifa: nimenunua kiatu kikubwa kidogo, soksi moja ya sufu. Nimetembea saa nzima vidole vikiwa hai. Jina nabaki nalo. Sasa viatu vimelowa theluji, nimeviweka juu ya kipasha joto vikauke kwa ajili ya kesho, sawa?

---

KiatuMeno

Vitoe haraka dada! Joto la pale linakausha gundi na kupasua ngozi ya kiatu, soli itaachia. Toa soli ya ndani, jaza magazeti yaliyokunjwakunjwa, viweke sakafuni mahali penye hewa. Baada ya saa moja badilisha magazeti, yatakuwa yameshalowa. Asubuhi vitakuwa vikavu.